Siku Landra Alipoposwa

Landra alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa amekaa juu ya lori la mawe meusi, yale mawe ya volkano ambayo watu wa Karangasem, mashariki ya kisiwa chetu, huyachonga tangu enzi za babu zao. Mume wangu alikuwa amemwita atujengee upya hekalu la nyumbani. Nilimpelekea kahawa kila asubuhi. Alikuwa kijana wa maneno machache, mwepesi wa patasi, na kila alasiri alisimama kidogo akautazama ukuta wa jirani kana kwamba na huo anataka kuubomoa aujenge upya. Nyuma ya ukuta ule alikuwapo Sumerti.

Sumerti alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, Baba Sumerti, alikuwa na mashamba ya mpunga, nguruwe, nyonga mbovu na hasira za karibu. Mtu kama yeye, asiye na mtoto wa kiume, njia yake ni moja: amtafutie binti yake mume wa kuingia. Mume huyo huwaaga mababu zake, akahamia kwa mkewe, na watoto wakawa wa ukoo wa mke. Huku kwetu Tabanan, magharibi, mambo hayo yapo. Watu hucheka wiki mbili tatu, kisha huzoea. Kwa kina Landra, mashariki chini ya mlima, ni fedheha. Kwao mwanamume wa namna hiyo hasemwi kuwa ameoa. Wanasema ameolewa.

Mimi mwenyewe niliolewa hapa kutoka mbali. Niliwaaga wahenga wa kwetu, nikapokewa na wa mume wangu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mama yangu, ambaye alilia jikoni. Labda ndiyo sababu Landra alizoea kuniambia mambo yake. Aliniita dada.

Hekalu letu lilipokamilika, hakuondoka. Alipata kazi ya kujenga lango kwa mtu mwingine, kisha kisima. Wote tukajua. Siku moja Sumerti alimwambia waziwazi, wakiwa wamekaa kwenye ngazi zetu na mimi nikikata majani ya mnazi kwa ajili ya sadaka, nikijifanya sisikii.

"Mimi siwezi kutoka hapa," Sumerti alisema. "Nikitoka, baba na mama wanabaki peke yao, na wakifa nyumba inafungwa. Wewe unaweza kutoka kwenu. Lakini usije ukasema mimi ndiye niliyekutoa."

"Nitaongea na baba."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Nitaongea naye, Sumerti."

Akaenda kwao kuongea na baba yake. Alikaa siku nyingi, akarudi hajasema kitu. Baadaye alinisimulia ilivyokuwa. Baba yake, Baba Sadia, alikuwa mtu wa mashamba ya salaki, yale matunda ya maganda kama ngozi ya nyoka, na mikono yake ilikuwa imejaa alama za miiba. Kaka yake mkubwa Landra, Wayan Sadia, alikuwa amezaa mabinti watupu. Kila jioni Baba Sadia alipokula, alimtazama Landra na kusema, "Wewe ndiye utakayeniletea mjukuu wa kiume, na usichelewe." Landra alifungua mdomo, akatia wali.

Mbaya zaidi, habari zilikuwa zimeshafika kabla yake. Kibandani, wanakokunywa kahawa wanaume wa kijiji chao, walimngojea.

"Bibi harusi kaja!"

"Mpisheni akae, jamani, asije akachafua kitambaa chake kipya."

"Landra, hebu tuambie, wanakuja lini kukuposa? Tuoge siku hiyo."

"Anajua kupika huyu? Wenzio wanataka mke anayejua kupika."

Alicheka pamoja nao. Aliniambia ndicho kitu kilichomuuma kuliko vyote, kwamba alicheka. Alirudi Tabanan, hakupita kwa Sumerti, akachukua kazi kusini, mbali, na simu yake ikawa inaita tu. Sumerti hakulia mbele ya mtu. Baba yake alianza kumtaja mwanamume mwingine, mjane wa kijiji cha jirani, mtu mzima mwenye meno ya dhahabu, aliyekuwa tayari kuingia hata kesho.

"Ana roho nzuri," Baba Sumerti alisema kwa sauti ya kupita ukuta. "Na hana baba wa kumwogopa!"

Sijui nani alimpelekea Landra neno la huyo mjane. Labda ni mimi. Baada ya siku chache nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa mfereji wa mpunga nyuma ya nyumba yetu, viatu mkononi, kana kwamba alitembea na kuishiwa nguvu hapo.

"Nikienda kwa Sumerti, nimempoteza baba," akasema. "Nikirudi kwa baba, nimempoteza Sumerti. Nikikaa hapa mferejini, nitapata kichocho."

"Unataka nini wewe?"

Alifikiri muda mrefu mno kwa swali jepesi. "Dada, sijawahi kuulizwa hilo. Sijui hata linajibiwaje."

Lakini jioni hiyo aliingia kwa Sumerti kwa mlango wa mbele, akakaa barazani, akamwambia Baba Sumerti, "Njooni kwetu mniombe."  Alisema hivyo tu, akaondoka bila kunywa kahawa.

Basi tukaenda kumposa. Ndiyo desturi: upande unaotaka ndio unaokwenda kuomba. Tulikuwa Baba Sumerti na fimbo yake, Mzee Kaler ambaye ndiye mkuu wa banjar yetu, yaani baraza la mtaa, na mwenye ulimi wa asali, mume wangu aliyeendesha gari, na mimi pamoja na mama yake Sumerti tukiwa na vikapu vya tambuu na keki za mchele. Njia nzima Mzee Kaler alifanya mazoezi ya hotuba yake. Tulipofika, Baba Sadia alikuwa ameketi barazani, kifua wazi. Landra alisimama kando ya jiko kama mtu anayesubiri hukumu. Mama yake alituletea kahawa, akaweka vikombe chini bila kutazama mtu.

Mzee Kaler alianza mbali, kwa mvua na mavuno. Baba Sadia alimwacha afike mbali, kisha akamkata.

"Nimesikia mmekuja kuposa."

"Tumekuja kuomba, kaka. Kwa heshima."

"Hapa hakuna msichana wa kuposwa. Mabinti wa Wayan wadogo bado. Kama mnataka nguruwe jike, yupo mmoja, mnaweza kuzungumza naye."

Watu walikuwa wamejaa langoni, wakacheka. Baba Sumerti alikaza mkono kwenye fimbo.

"Kaka," Mzee Kaler alisema, "kijana mwenyewe amekubali."

"Kijana gani? Huyu?" Baba Sadia aligeuka kwa mara ya kwanza. "Wewe, umekubali?"

Landra alifungua mdomo.  "Ndiyo, baba," akasema, kwa sauti ya chini mno hata wale wa langoni wakaulizana amesemaje.

"Sema kwa sauti, wasikie na majirani."

"Ndiyo. Nimekubali."

Baba Sadia alisimama, akachukua vikapu vyetu kimoja kimoja, akavitoa nje ya lango na kuviweka barabarani. Hakuvitupa. Aliviweka vizuri, vikiwa vimefunikwa. Kisha akamwambia mwanawe, "Fuata vikapu vyako."

Tulirudi naye garini, nyuma, katikati ya vikapu. 

Ndipo lilipoanza jambo lililomtesa zaidi. Kwetu mtu hahami tu kama mpangaji. Ni lazima awaage mababu wa nyumba yake kwenye hekalu lao, waelewe kwamba ameondoka, ndipo wa nyumba mpya wampokee. Baba Sadia alimkataza asikanyage hekaluni. Bila kuaga, hakuna harusi. Mzee Kaler alikuna kichwa na kusema banjar haiwezi kumwandika mtu ambaye bado ni wa kwingine. Kwa hiyo Landra akawa si wa huku wala wa kule. Alilala kwenye ghala letu la mpunga, alikula kwetu, na wakati wa sherehe, kila mtu alipokwenda kwenye hekalu la kwao, yeye alibaki akichonga mawe peke yake. Nilisikia nyundo yake mchana kutwa. Hata Sumerti alianza kuwa mkali naye.

"Umesimama mlangoni," alimwambia. "Ingia au toka, upepo unatupiga."

"Mlango wenyewe haufunguki."

"Umeusukuma?"

Aliyeusukuma alikuwa mama yake Landra. Alinipigia simu mimi, kwa sababu hakutaka kumpigia Landra mbele ya mumewe. "Mleteni asubuhi ya siku ya mwezi mpevu," alisema. "Mlete wewe, mwanangu. Huyo binti asije, watamsema. Msije ndani. Nitatoka mimi."

Tulikwenda. Mama Sadia alitukuta barabarani, nje ya ukuta wa nyumba yake, sadaka kichwani na maji matakatifu kwenye kopo la maziwa. Kuhani wa kijiji alikuwa amekataa kuja bila ruhusa ya mume, kwa hiyo alikuja peke yake. Ukuta ni mrefu, lakini mapaa meusi ya hekalu lao yanaonekana kwa juu. Alitandika mkeka kwenye ukingo wa barabara, kati ya mfereji na pikipiki zilizokuwa zikipita.

"Kaa hapa," akamwambia. "Wako pale juu. Watakusikia kutoka hapa."

Landra hakukaa. Alitazama huku na huku. Watu walikuwa wameanza kutoka kwenye malango yao. Pikipiki moja ikapunguza mwendo, aliyeipanda akapaza sauti, "Hongera, bibi harusi!" na mwenzake akapiga kigelegele cha kike.

"Dada, turudi," akaniambia. Uso wake ulikuwa umepauka. "Turudi, nitakuja siku nyingine."

Nilitazama chini. 

"Landra," mama yake akasema, "mimi nimeshatoka na sadaka. Nikirudi nayo ndani, sitatoka tena. Lakini uamue mwenyewe. Sitaki uje useme mama alinisukuma."

"Kila mtu ananiambia niamue mwenyewe," Landra akasema, sauti imepanda, "na kila mtu amesimama hapa ananitazama!"

 Mama yake alipiga magoti, akaanza kupanga maua kwenye sadaka kana kwamba yuko peke yake duniani. Upande wa pili wa ukuta tulisikia mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Baba Sadia, karibu kabisa, kama aliyesimama ameegemea ukuta huo huo. Sisi sote tulisubiri atoke na kutufukuza. Hakutoka.  Alikohoa tena.

Landra akakaa. Alikunja miguu kwenye mkeka ule, akaweka ua katikati ya vidole, akainua mikono juu ya kichwa.  Mama yake alitamka maneno ya kuaga aliyoyajua, na pale asipoyajua alisema kwa lugha ya kila siku: "Huyu ni Nengah Landra, mtoto wenu. Anaondoka. Msimfuate kwa hasira. Ameniuliza mimi, nimemruhusu." Akamnyunyizia maji. Akambandika punje za mchele kwenye paji la uso. Kisha akakunja mkeka haraka, akaingia ndani, na lango likafungwa.

Kwenye gari Landra alilia mpaka tulipovuka daraja, akiwa na mchele ule usoni.

Harusi ilikuwa ndogo. Kwa sheria zetu siku hiyo Sumerti akawa ndiye mwanamume wa nyumba na Landra ndiye mwanamke, na Mzee Kaler alipoyasoma maneno hayo mbele ya watu, wanaume wa banjar walitazama sakafu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Sitasema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mtu akitoka kwenye chumba kimoja huingia kwenye kingine. Baba Sumerti alikuwa amepata mtoto wa kiume uzeeni na alitaka kumtumia. "Landra! Nguruwe!" "Landra! Maji ya shamba!" Alimpigia kelele hivyo kutwa, hata akiwa amekaa naye meza moja. Landra alitaka kuhamisha jiko mahali lisiloingia moshi. Baba Sumerti akamwuliza nani kamwambia jiko ni lake. Kwenye mikutano ya banjar alipotaka kuchangia neno, lilikuwapo daima jibu moja: "Mkeo amekuruhusu?" Wakacheka, akacheka. Wakati wa Galungan, mababu wanaporudi nyumbani, alikaa mbele ya hekalu la watu wengine na kuwakaribisha wahenga asiowajua majina.

"Wanakuja kweli?" niliwahi kumwuliza.

"Wanakuja. Ila nadhani wananiuliza wewe nani."

Walizaa wavulana wawili. Hapo hata Baba Sumerti alipunguza sauti, kwa muda.

Mdogo alipokuwa ameanza kukimbia, Baba Sadia alikuja. Hakuwa amekanyaga Tabanan tangu harusi. Alikuja na Wayan, kaka yake Landra, na Mama Sadia, na kikapu cha salaki. Nilikuwepo kwa sababu Sumerti alinikimbilia akisema, "Njoo, shoga yangu, njoo tu ukae." Walikaa barazani. Baba Sadia alikuwa amezeeka vibaya, shingo imekonda.

Hakuzunguka. "Wayan amezaa binti wa nne," akasema. "Mkewe hawezi tena. Nyinyi mna wavulana wawili. Nimekuja kumwomba mdogo. Arudi kwetu, aandikwe kwetu. Nyumba yangu isifungwe."

Baba Sumerti akakuna nyonga yake. Nilidhani atalipuka. Badala yake akasema polepole, "Mimi nilikuja kwako na vikapu, ukaviweka barabarani."

"Niliviweka."

"Lakini naelewa uchungu wa nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Naujua kuliko yeyote hapa. Mimi nakubali. Mmoja anatutosha." Akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Sema."

Sumerti alikuwa amemshika mtoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Akamtazama mumewe. "Nataka kumsikia Landra kwanza."

Sidhani mtu alikuwa amewahi kumsubiri Landra aseme kitu katika nyumba ile.  Mama yake alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa, na nilijua anachokiona Landra: akisema ndiyo, atakula tena kwa mama yake, ataketi tena chini ya mapaa yale meusi, baba yake atamwita jina lake. Mlango wote umefunguliwa, na ada yake ni mtoto mmoja.

"Hapana, baba," akasema.

"Hapana nini?"

"Sitamtoa. Mimi niliondoka kwa miguu yangu, kwa hiari yangu. Uliniweka nje, nikatoka. Huyu hajui hata kujifunga kitambaa. Akikua, akitaka kuja kwako, mlango atauona mwenyewe. Sitamtuma."

"Unaifunga nyumba yangu."

"Wayan ana mabinti wanne. Watafutieni waume."

"Waume gani?" Baba Sadia aliuliza, na mdomo wake ukapinda. "Wa namna yako?"

"Wa namna yangu."

Wayan alitazama pembeni. Baba Sadia alisimama, akashuka ngazi, akasimama uani akitazama hekalu la Baba Sumerti, yale mawe meusi ambayo mwanawe alikuwa ameyapanga upya mwaka uliotangulia. Alilitazama muda mrefu, jiwe kwa jiwe. Kisha akaenda garini. Hakunywa kahawa. Mama Sadia alibaki nyuma kidogo, akamshika Landra shavu, akamwachia kikapu cha salaki, akaenda.

Usiku wala mchana Landra hakuwa na raha kwa majuma mengi baada ya hapo. Baba Sumerti alimnunia kwa kumkatalia mzee mwenzake. Sumerti alikuwa upande wake, lakini hata yeye aliniambia kwamba wakati mwingine humwona mumewe amekaa na mtoto yule, anamtazama kama mtu anayejiuliza.

Sasa Landra humwona mama yake sokoni Karangasem anapouza salaki. Hukaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakanywa kahawa ya mfuko, kisha hurudi. Nyumbani hafiki. Baba yake yuko hai. Binti mkubwa wa Wayan anasoma mjini Singaraja, na nasikia amewaambia kwamba hataki mume wa kuingia wala wa kutoka.

Wiki iliyopita nilimkuta Landra kwenye ngazi zetu, mahali pale pale alipokuwa akikaa zamani, akinoa patasi. Nilimwuliza kama angerudi nyuma angefanya vingine.

"Asubuhi naamka najuta," akasema. "Naenda kumlisha nguruwe wa watu, najuta. Jioni Sumerti anapiga kelele kuhusu matope yangu, na watoto wanapigana, sijuti tena. Ndivyo kila siku, dada. Sijui watu wengine wanafanyaje."

"Ndivyo hivyo hivyo," nikamwambia.

"Landra!" Baba Sumerti aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Maji!"

Alifuta patasi kwenye paja lake, akainuka, akaenda kufungua maji ya shamba.